Kabla Hujafuta Vumbi la Breki

Marahaba. Shikamoo zenu zote nimezipokea, hata ya yule aliyenisalimia huku anatazama simu. Mlikuja kwangu watano, mkakaa kwenye mkeka wangu, mkala karanga zangu, mkaniambia, "Bibi, tupe siri za rimu, dakika moja tu, tunarekodi." Dakika moja. Mimi nimeinamia matairi pale Katubuka miaka ishirini na sita, mgongo huu mpaka leo haujanyooka, nyie mnataka dakika moja. Video nimekataa. Nimechukua daftari nikakaa kuandika, na nyie mtasoma, kama bado mnaweza kusoma kitu kisichocheza.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Zena wa Ujiji, ila Katubuka waliniita Mama Rimu. Siku ya kwanza nilipoomba kazi ya kuosha magari, mwenye kituo alicheka, akasema wanaume wataosha juu na mwanamke akae chini kwenye matairi. Nikakaa chini. Baada ya miaka mitatu watu walikuwa wanapita vituo viwili njiani ili waje kwa huyo aliyekaa chini, na wale wa juu wakawa wananiuliza kama nina gari lingine la kuwapa. Sikuwa nawajibu haraka.

Na niseme mapema kilicho ndani ya daftari hili, msije mkasema bibi amewazungusha. Mume wangu, Baba Zena, alikuwa dereva wa mchomoko, yale magari madogo ya abiria wanne yanayobeba saba, njia ya Kigoma na Kalinzi. Huu ni mwaka wa tisa hajashika usukani. Mji mzima unajua alipindua gari kwenye mteremko kwa uzembe wake, na yeye mwenyewe anaamini hivyo. Mimi najua si kweli. Nilijua wiki ile ile, na sijamwambia. Nikimaliza kuandika nitamsomea yeye kwanza, halafu ndiyo mtapata nyie, kama hatalichana. Kwa hiyo yale ya sabuni na nta yapo, lakini msiyarukie.

Juzi nilipita kwenu. Mlikuwa mmefungulia muziki mpaka maji ya ndoo yanatetemeka. Kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, sitamtaja, mwenyewe anajijua, alishika chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi, anamimina kitu kwenye rimu, na kitu hicho kinatoa povu na moshi. Nikamuuliza, "Mwanangu, hiyo nini?"

"Dawa ya rimu bibi, inatoka Dar."

Nikanusa. Maji ya betri, na kitu kingine cha kusafishia choo. Na gari lilikuwa ndiyo kwanza limeingia kutoka Kasulu, rimu ya moto unaweza kukaangia dagaa. Nikamwambia itaila rimu ya mtu. Akanijibu, "Bibi, we angalia inavyong'aa." Kweli iling'aa. Hata mtu ukimchuna ngozi atang'aa siku hiyo. Mwenye gari akampigia makofi, akampa na hela ya soda, akaondoka na rimu ambazo baada ya miezi sita zitabanduka kama ukuta wa chokaa. Hapo atasema rimu zilikuwa feki.

Vumbi la breki si vumbi la barabarani, jamani. Lile jekundu letu lina adabu, unalimwagia maji linaondoka. Hili jeusi ni pedi ya breki iliyosagika pamoja na chuma kilichosagika cha diski, ile sahani inayobanwa na pedi, vimetoka vikiwa vya moto na kujibandika kwenye rimu ambayo nayo ni ya moto. Vile vipande vya chuma vinajichimbia. Mvua ikinyesha vinashika kutu humo humo, na kutu inapenya chini ya ule utando mwembamba kama kioo unaoikinga rimu. Mkija kuona vidoa vya rangi ya chai, mnachukua stili waya. Stili waya kwenye rimu ya aloi. Si bora mchukue nyundo kabisa, tujue moja.

Msidhani nawacheka kwa kuwa nilizaliwa najua. Mimi niliharibu rimu nne kwa mpigo, tena kwa sabuni niliyoipika kwa mkono wangu. Kwetu Ujiji tulikuwa tunapika sabuni ya mawese. Mawese na kostiki soda, unakoroga, unamwaga kwenye kasha la mbao, ikishikana unakata vipande. Sabuni ile inatoa hata lami kwenye kisigino. Nikawaza, kama inatoa lami, vumbi la breki ni kitu gani? Nikachukua ambayo haijamaliza hata siku mbili, bado ina ukali wa kostiki, nikazipaka rimu zote nne za mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole, gari alilinunua uzeeni na alikuwa analifunika shuka. Nikaiacha ilowe. Nikaenda zangu kunywa uji.

Niliporudi povu lilikuwa limegeuka kijivu. Nikasuuza, nikakuta mabaka meupe, rimu imekuwa kama mgongo wa mtu mwenye mba. Kostiki inaila aloi, ndiyo kazi yake, ila mimi nilikuwa sijaambiwa na wala sikuuliza, maana nilishajiona fundi. Unajua nilifanya nini? Nilichukua dawa ya viatu nyeusi nikaanza kuyaziba yale mabaka kwa kidole.

Jirani yetu pale alikuwa fundi wa breki, Mzee Rusimbi, Muha wa huko milimani, mtu wa maneno machache na hayo machache yote ya kuudhi. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu ananitazama. "Mama Zena," akasema, "unaipeleka arusini?"

"Nairekebisha, Mzee."

"Hapana. Unaificha. Futa. Mwenyewe akija, mwonyeshe wewe kabla hajaona yeye."

Nikafuta. Mwalimu alipokuja nikamwonyesha, moja moja, zote nne. Aliinama akazitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Umenisikitisha, mwanangu," akapanda gari akaenda. Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata pa kumjibia, lakini neno lile nilitembea nalo hadi nyumbani, na kwa wiki nzima nilikuwa nikiona gari jeupe kama lake nageuka upande. Alirudi baada ya mwezi. Aliniletea rimu zile zile niendelee kuziosha, na Mzee Rusimbi akasema kwa sauti ya kusikika, "Anaosha nini sasa, mifupa?"

Tangu hapo Mzee Rusimbi akanichukua. Sijui kwa nini. Labda alichoka kukaa peke yake.

Sasa namna ya kuosha, maana ndicho kilichowaleta. Tairi ipoe kwanza. Weka kiganja juu ya rimu. Ukiweza kukiacha hapo huku unamsalimia Muha salamu yote, kuanzia mwakeye mpaka habari za ng'ombe na za shemeji, imepoa. Rimu huoshwa kabla ya bodi, na zina ndoo yake na kitambaa chake. Nyie kitambaa kimoja kinatoka kwenye rimu kinapanda mlangoni. Mnasugua rangi ya mtu kwa unga wa chuma halafu mnaita kuosha. Anza na maji mengi. Sabuni laini tu, ya vyombo inatosha. Brashi ya nywele laini, na mswaki uliochakaa kwa ajili ya pale kwenye nati. Ingia mpaka nyuma ya ile mikono ya rimu, kule asikotazama mtu, maana kule ndiko uchafu unakokaa na nyie ndiko hamfiki. Suuza. Kausha kwa kitambaa, usiliachie jua likukaushie. Kisha nta, kidogo, safu nyembamba, uisugue mpaka usiione. Kwenye rimu tu. Ikigusa diski umemuua mtu. Ukishapaka nta, vumbi la breki linakaa juu juu, wiki ijayo linatoka kwa maji na kitambaa. Barabara za vumbi kama zetu, rudia baada ya mwezi na nusu, miwili. Basi. Hiyo ndiyo siri ya kutoka Dar, na haitoi moshi.

Wapo wengine ambao hata kwangu hawakuja, wao walikuwa na ziwa. Siku hizi nasikia mnakatazwa, lakini zamani Kibirizi pale, dereva anateremka milimani na breki zinanuka, anaona maji, anaingiza gari mpaka katikati ya tairi, anavua shati, anajiona tajiri. Diski ya moto, maji ya baridi. Diski inapinda. Kesho yake akishika breki usukani unamtikisikia mikononi, anakuja kwa Mzee Rusimbi kulalamika kuhusu barabara. Mzee alikuwa anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamuuliza, "Samaki hawajambo?" Nimeona madereva wazima wanaondoka bila kuaga.

Na mmoja, dereva wa lori la mihogo, alikuwa na akili yake mwenyewe. Alipaka rimu mawese. Alisema sufuria iliyopakwa mafuta haishiki ugali, basi na tope halitashika. Akaenda Uvinza, akarudi. Jamani. Mawese, vumbi jekundu, vumbi la breki, na moto wa breki wenyewe. Vilikuwa vimeiva. Nilikwangua kwa kijiti cha mbao asubuhi nzima, na yeye amesimama juu yangu ananieleza kwamba tatizo mawese yalikuwa ya zamani.

Haya, nimewachekesha vya kutosha, sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mzee Rusimbi hakunifundisha kuosha. Kuosha nilijifunza kwa kuharibu. Yeye alinifundisha kutazama. Gari likiingia, mimi naenda na ndoo, yeye ananiambia, "Acha. Usifute kwanza. Soma." Nilidhani mzee ananitania, kwenye rimu kuna maandishi gani? Akanivuta mpaka mbele ya gari, akanichuchumalisha, akanionyesha kulia, akanionyesha kushoto.

Alisema rimu mbili za mbele sharti zichafuke sawasawa. Moja ikiwa nyeusi kuliko mwenzake, kuna breki inafanya kazi ya wawili, au imeng'ang'ania haiachii. Ukiona unyevu unyevu wa mafuta nyuma ya rimu, breki inavuja. Ukiona ule unga mweusi una vimeremeta, pedi imekwisha na sasa diski ndiyo inaliwa. Na ukikuta rimu ya mbele ni safi wakati gari limetembea wiki nzima, usifurahi. Breki isiyotoa vumbi haishiki. Hilo alinirudishia mara nyingi mpaka nikamwambia nimesikia.

Nilisikia kweli. Kwa miaka mingi sikugusa rimu kabla sijaisoma. Niliwarudisha madereva wengi kwa fundi, na wengi walinikasirikia. Kuna mmoja alinijibu kwamba amekuja kuoshewa, hakuja kupimwa. Jioni yake akarudi na kuku amemfunga miguu, akamweka mbele yangu akaondoka. Mwanamke wa matairi, hana cheti, hana hata spana, lakini watu walikuwa wanafika wazima kwa sababu alichuchumaa kwanza. Nyie leo mna mashine ya presha, mnasimama mita mbili mbali, mnapiga maji kama mnazima moto. Vumbi linaondoka kabla hamjaliona. Halafu mnaniambia kazi imerahisishwa.

Lakini kisha nikawa na jina. Mtu akiona rimu inang'aa mjini anauliza, "Hiyo ni ya Mama Rimu?" Nikaanza kuletewa nta nzuri, za kopo. Nikaanza kujisikia. Mzee Rusimbi macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akawa anakuja siku moja moja, na asipokuwepo hakuna wa kuniambia usifute. Nikawa nafika na ndoo moja kwa moja. Watu hawakuwa wanalipia kusoma, walikuwa wanalipia kung'aa, na mimi nikajifanya sijui tofauti.

Gari la Baba Zena lilikuwa dogo, jeupe, na rimu za aloi zilizotoka nalo Japani. Nililiosha kila Ijumaa asubuhi kabla hajaenda msikitini. Hilo ndilo lilikuwa tangazo langu, maana linapita mji mzima na kupanda mpaka Kalinzi, kila mtu analiona. Wiki ya kwanza nikaona rimu ya mbele kulia imeniachia kirahisi. Maji tu, ikawa safi. Ya kushoto nyeusi tii. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu hivyo hivyo. Mnajua nilijiambia nini, mimi mwanafunzi wa Rusimbi? Nilijiambia kwamba ile ya kulia nta nimeipaka vizuri zaidi.

Diski yake niliiona katikati ya mikono ya rimu. Ilikuwa na wekundu wa kutu mahali ambapo diski inayoshikwa na breki haiwezi kuwa na kutu. Nikasema ni masika, kila kitu kimelowa. Mnavyoniona ninawadharau na chupa zenu za moshi, basi mjue dharau iliyo kubwa zaidi naitunzia nani.

Ijumaa ile ya tatu Baba Zena alisimama pembeni yangu ameshavaa kanzu, akaniambia, "Mama Zena, nikishika breki gari linavuta kushoto kidogo. Matairi umeyaonaje?"

Nikamjibu bila hata kugeuka. Nilimwambia, "La kulia halina hata vumbi, tazama mwenyewe. Kungekuwa na tatizo mimi ningeona."

Akasema, "Basi ni barabara."

Ningekuwa nimemwambia sijui, angempelekea Mzee Rusimbi siku ile ile, hatua thelathini kutoka pale nilipochuchumaa. Lakini alimuuliza mtu anayejua kuliko wote, na huyo akamjibu. Dereva afanye nini zaidi?

Kesho yake, Jumamosi saa sita mchana, alikuwa anateremka kutoka Kalinzi na abiria wanne. Pikipiki yenye magunia ya mkaa ikakatiza mbele yake ghafla. Akakanyaga breki yote. Ya kushoto ikashika, ya kulia haikushika, gari likajitupa kushoto, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Watatu walipata michubuko. Aliyekaa mbele, Mama Skola, mama wa Kalinzi anayenunua kahawa kwa wakulima, alivunjika nyonga. Mpaka leo anatembea na fimbo.

Watu wana kasi ya kuhukumu. Kabla gari halijavutwa kutoka mtaroni ilishasemwa kwamba alikuwa anakimbiza. Baadaye ikasemwa alishtuka akakata usukani kushoto badala ya kubana breki. Walipomuuliza mwenyewe, akiwa bado ana damu kwenye kanga niliyomfungia kichwani, alisema, "Nadhani nilikata usukani." Alikuwa hakumbuki, na mtu asiyekumbuka hukubali anachoambiwa. Alirudia nadhani, nadhani, mpaka siku moja nikamsikia anamwambia jirani, "Nilikata usukani," na lile neno la kwanza halikuwepo tena.

Gari lililetwa Katubuka, likawekwa nyuma ya kituo chetu. Nilikwenda kuchukua vitu vyake, miwani, msala, redio ndogo. Nikachuchumaa kwa mazoea tu. Rimu ya kulia ilikuwa safi kama sahani. Nikaingiza mkono nyuma yake, kule ninakowaambia muingize, nikaupitisha kwenye diski. Kiganja kikatoka na kutu tupu. Nikaenda kushoto na kiganja cha pili, kikatoka cheusi. Nilibaki pale chini, kiganja kimoja chekundu, kimoja cheusi, nikasoma maandishi yote, na safari hii nilisoma vizuri sana.

Mzee Rusimbi alikuja jioni, anapapasa ukuta kwa sababu ya macho. Akaniuliza, "Mama Zena, kulia ilikuwaje?"

Nikamwambia, "Ilikuwa chafu kama ya kushoto, Mzee."

Akasema, "Nifungulie tairi nishike kwa mkono." Nikamwambia gari limeshauzwa. Lilikuwa halijauzwa. Nililiuza kesho yake asubuhi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na nyumbani nikasema gari lina mkosi sitaki kuliona. Baba Zena alinishukuru. Alidhani nimefanya vile kwa ajili yake. Mzee Rusimbi hakuniuliza tena, na hakuwahi tena kuniambia kitu chochote cha kuudhi, mpaka alipofariki. Alikuwa ananiamkia vizuri kila asubuhi, kwa heshima, kama anavyoamkiwa mteja. Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa na nyie hamtaielewa mpaka mpate mwalimu.

Kwa nini sikusema? Msinitafutie huruma, siitaki. Sikusema kwa sababu ya jina. Mama Rimu kaosha rimu za mumewe wiki tatu hakuona breki imekufa, nani angeniletea gari tena? Tulikuwa tunakula kwa mikono yangu sasa, yeye hana kazi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kulikuwa na kaukweli humo ndani, kaukweli kadogo ka kufichia uongo mkubwa. Ile dawa ya viatu niliyoambiwa niifute kwa mwalimu, kwa mume wangu niliipaka na nikaiacha ikauke miaka tisa.

Na yeye akapungua. Leo anahudumia michikichi ya marehemu baba yake nje ya Ujiji, anakwenda kwa miguu. Wenzake wakimwita kijiweni haendi. Kalinzi hajakanyaga tangu siku ile. Mama Skola alipopata msiba, Baba Zena alituma rambirambi kwa mkono wa mtu, akasema yeye hana uso wa kumtazama yule mama. Dereva aliyepandisha na kushuka ule mteremko miaka kumi na minne bila kumkwaruza hata kuku. Na mimi nakaa naye meza moja, nampa sukari.

Mlipokuja na simu zenu kuniomba siri za rimu, mmoja wenu, yule mrefu, alisema, "Bibi, sisi tunataka tu rimu ing'ae, mambo ya breki ni ya mafundi." Nilitaka kumpiga na kandambili. Baadaye nikakaa nikawaza kwamba huyu kijana anasema kwa mdomo kile ambacho mimi nilikifanya kwa mikono. Ndiyo maana nimeandika.

Mpaka hapo niliandika jana. Haya ya chini nayaandika leo.

Nimemsomea asubuhi baada ya chai, kwenye baraza. Nilimwambia, "Baba Zena, kaa, nataka nikusomee kitu cha wale vijana." Akakaa. Kwenye sabuni ya mawese alicheka. Kwenye yule wa lori la mihogo alinikatisha akanitajia jina lake, maana alikuwa anamfahamu. Nilipofika Ijumaa ya tatu nikaendelea kusoma. Sikumtazama. Nilisoma mpaka mwisho nikafunga daftari.

Kisha akauliza, "Upande gani umesema?"

"Kulia."

"Mbele?"

"Mbele kulia."

Akautoa mguu wake wa kulia kwenye ndara, akauweka sakafuni, akaukandamiza polepole, akawa anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kumbe nilikanyaga sawa," akasema.

"Ulikanyaga sawa."

"Sikukata usukani."

"Hukukata, Baba Zena. Gari lilikuvuta. Mimi ndiye—"

Akainua mkono ninyamaze. Akaingia ndani. Nilimsikia anafungua sanduku, nikajua anafungasha. Akatoka amevaa kanzu ya Idi na kofia, hana mzigo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Kalinzi. Nikasema nimfungie hata maandazi, safari ni ndefu. Akasema hataki kitu kutoka kwangu leo.

Alisimamisha bodaboda pale nje. Alipokwisha kukaa akageuka, akaniambia bila kupandisha sauti, "La kwako na mimi tutalizungumza nikirudi, na si dogo. Kwanza niache nikamwambie yule mama kwamba nilikanyaga breki."